Chai ya mbegu za kukaanga nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Lamu na Malindi

Majibu yafuatayo yameandikwa kwa ajili ya mpishi wa nyumbani wa pwani, mwenye kikaango, seredani au jiko la gesi, kinu na chujio, ambaye angependa kunywa kitu cha moto chenye harufu nzuri bila kutegemea majani ya chai wala buni. Jambo linalosisitizwa tangu mwanzo ni kwamba ladha ya kinywaji hiki hutengenezwa kikaangoni, kabla maji hayajaguswa. Anayeharakisha moto hawezi baadaye kuirekebisha chai yake kwa sukari wala kwa tangawizi.

Ni mbegu zipi zinazofaa kwa mtu anayeanza?

Zile ambazo tayari zimo katika kabati la viungo: shamari, giligilani, bizari nyembamba ambayo wengine huiita jira, uwatu na habasoda. Zote hupatikana katika maduka ya viungo ya Malindi na katika soko lililo karibu na Ngome ya Lamu, tena kwa kipimo kidogo, kiasi kwamba mtu anaweza kujaribu bila hasara. Kwa anayeanza ninapendekeza shamari au giligilani, kwa sababu husamehe makosa madogo ya moto na utamu wake ni wa asili. Uwatu na habasoda zingoje mpaka mkono uzoee.

Kundi la pili ni mbegu ambazo kwa kawaida hutupwa au hupuuzwa, nazo ni kokwa za tende, mbegu za mbuyu na mbegu za bamia iliyokomaa na kukauka. Hizi hukaangwa sana, hadi kuwa na rangi ya buni iliyoiva, na hutoa kinywaji kizito kinachokaribia kahawa zaidi kuliko chai. Kwa maoni yangu kokwa za tende ndizo zinazostahili juhudi kubwa kuliko zote, na zimepewa jibu refu hapa chini.

Kwa nini mbegu zikaangwe, ilhali zinaweza kuchemshwa hivyo hivyo?

Mbegu mbichi ikichemshwa hutoa harufu yake ya asili tu, na mara nyingi hubaki na ladha ya majani makavu. Inapopata joto kavu, kwanza maji yaliyomo ndani hutoka, kisha sukari na protini zake huanza kuungana na kuzaa rangi ya kahawia pamoja na harufu mpya ambazo hazikuwapo. Mabadiliko haya hushika kasi joto la mbegu linapopita nyuzi 140 za selsiasi, na ndiyo sababu hayapatikani ndani ya maji yanayochemka, ambayo hayavuki nyuzi 100. Aidha, mbegu iliyokaangwa huwa nyepesi kuvunjika, hivyo hutwangika kwa urahisi na kuachia ladha yake haraka zaidi.

Kuna mpaka, hata hivyo. Mafuta yenye harufu yaliyomo katika shamari, giligilani na bizari huruka na moshi yakipata joto kupita kiasi, na mbegu hizo zikiachwa mpaka ziwe nyeusi hubaki na uchungu mtupu. Kokwa ya tende haina mafuta ya namna hiyo, kwa hiyo huvumilia moto mrefu.

Nitumie chombo gani na moto wa kiasi gani?

Kikaango cha chuma kizito chenye kitako kinene ndicho bora, kwa kuwa husambaza joto sawasawa. Sufuria nyembamba ya alumini huunguza mbegu za katikati huku za pembeni zikiwa bado mbichi, na ikibidi kuitumia, basi iinuliwe na kutikiswa mara kwa mara. Kikaango kiwe kikavu kabisa, bila tone la mafuta ya kupikia, na kisafishwe vizuri kama kilikaangiwa samaki, maana mbegu hunasa harufu upesi mno.

Moto uwe mdogo. Kwa wanaotumia seredani, subirini makaa yapungue na kufunikwa na jivu jepesi. Makaa yenye ndimi za moto hayafai kwa kazi hii. Tandazeni mbegu tabaka moja tu na kuzigeuza kwa mwiko bila kuacha. Shamari na bizari nyembamba huhitaji takriban dakika 2 hadi 4, giligilani na uwatu dakika 3 hadi 5. Dakika hizi ni za kukadiria tu, kwa sababu unene wa kikaango na ukavu wa mbegu hutofautiana kati ya jiko na jiko.

Kila aina ikaangwe peke yake, hata kama zitachanganywa baadaye. Bizari nyembamba ikikaangwa pamoja na giligilani itaungua kabla giligilani haijapata rangi, kwa sababu punje zake ni nyembamba zaidi. Kukaanga aina tatu kwa wakati mmoja huokoa dakika chache na kuharibu mchanganyiko wote.

Nitajuaje kwamba zimeiva?

Kwa pua kwanza, kisha kwa macho, kisha kwa meno. Harufu hubadilika kutoka ile ya mbegu kavu na kuwa tamu na ya joto. Hapo ndipo mpishi anapopaswa kuwa macho, kwa sababu baina ya kuiva na kuungua pana muda mfupi sana. Shamari hupoteza ukijani na kuelekea dhahabu, giligilani huwa kahawia hafifu, uwatu hugeuka kuwa na rangi ya asali iliyokolea. Mara tu dalili hizo zinapoonekana, mbegu zimwagwe kwenye sinia pana, kwa maana zikiachwa kikaangoni huendelea kuiva hata baada ya moto kuzimwa.

Habasoda ni tatizo la pekee, kwa kuwa ni nyeusi tangu mwanzo na rangi yake haisemi lolote. Chukua punje moja, iache ipoe kidogo, itafune. Ikivunjika kwa mlio mkavu na kuacha ukali bila ladha ya majivu, imeiva. Dakika 2 au 3 za moto mdogo hutosha.

Chai yangu ya uwatu ni chungu na ina utelezi. Kosa liko wapi?

Ni mambo mawili tofauti. Uchungu ni sehemu ya uwatu wenyewe, na moto wa wastani huupunguza, lakini moto mkali huuongeza maradufu. Kama punje zilipita rangi ya asali na kuwa kahawia nzito, hakuna dawa ila kuanza upya. Utelezi hutokana na nyuzi zinazoyeyuka ndani ya punje, ambazo hufyonza maji na kuvimba, na huwa mwingi zaidi uwatu unaposagwa kuwa unga. Anayependa chai nyepesi apondeponde tu punje zilizokaangwa, kijiko kimoja cha chai kwa vikombe viwili vya maji, azichemshe polepole kwa dakika 10, kisha achuje mara moja bila kuzilaza ndani. Kipande cha mdalasini au punje mbili za iliki hutuliza uchungu vizuri kuliko sukari nyingi.

Kinywaji cha kokwa za tende hutengenezwa vipi?

Tende huliwa katika nyumba nyingi za pwani, na mwezi wa Ramadhani huliwa kila magharibi, kwa hiyo kokwa hazikosekani. Zikusanywe katika bakuli, zioshwe siku ile ile ili zisivutie sisimizi, na zinapotosha kama vikombe viwili zilowekwe usiku mmoja. Asubuhi zisuguliwe kwa brashi au kwa kitambaa kigumu mpaka nyama yote ya tende na ule utando mwembamba vitoke. Hatua hii isipuuzwe, kwa sababu mabaki ya tende yana sukari nyingi, nayo huungua na kuacha uchungu muda mrefu kabla kokwa yenyewe haijaiva.

Baada ya kuoshwa, zianikwe juani kwenye uteo siku mbili au tatu, zikifunikwa kwa kitambaa chepesi. Wakati wa masika, hewa inapokuwa nzito na jua halitabiriki, ni afadhali kuzikausha kwenye joto dogo la oveni au pembeni mwa jiko kuliko kuziacha nje zikashika ukungu.

Kisha zikaangwe. Kwenye kikaango kizito zitachukua kati ya dakika 40 na saa nzima, zikigeuzwa mara kwa mara. Kwenye oveni ya nyuzi 200 zitachukua nusu saa au zaidi kidogo. Mwanzoni hakuna kitu kinachoonekana kutokea, na wengi hukata tamaa hapo. Endelea. Rangi hubadilika polepole hadi kuwa kahawia nzito, na harufu yake huwa baina ya buni na mkate uliokauka. Usizifikishe kwenye weusi wa makaa.

Kusaga ndiyo kazi ngumu. Kokwa ya tende ni ngumu kama jiwe dogo, na jagi la plastiki la mashine ya kusagia matunda linaweza kupasuka. Zifunge kwenye kitambaa kinene, zivunje kwa mchi wa chuma au nyundo, halafu maliza kwenye kinu au zipeleke kwa mwenye mashine ya kusagia viungo vikavu. Chekecha, kisha twanga tena makapi yanayobaki. Kipimo ni kijiko kimoja cha kulia cha unga kwa kikombe cha maji cha mililita 250, kichemke dakika 10 kwa moto mdogo, kitulie, kisha kimiminwe polepole kupitia kitambaa cha melimeli. Tangawizi iliyopondwa na iliki huendana nacho sana, kama zinavyoendana na kahawa chungu ya barazani.

Je, mbegu za mabuyu na za bamia nazo zinafaa?

Mbegu za mbuyu zinafaa, ila si zile za mabuyu yaliyopikwa kwa sukari na kutiwa rangi nyekundu, kwani sukari na rangi hiyo huungua kikaangoni. Tumia mbegu za buyu lililopasuliwa likiwa kavu, ambazo katika vijiji vinavyoizunguka Malindi si vigumu kuzipata. Loweka mpaka unga mweupe utoke, na maji hayo usiyamwage, kwa maana ni kinywaji kizuri. Kausha, kaanga mpaka ganda likaribie weusi, twanga na uchemshe kama kokwa za tende.

Bamia iachwe shambani mpaka maganda yakauke na kupasuka yenyewe, kisha mbegu zikaangwe hadi kahawia nzito. Hili si jambo geni: wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kati ya mwaka 1861 na 1865, bandari za majimbo ya kusini zilizingirwa, kahawa ikaadimika, na watu wakakaanga mbegu za bamia badala yake.

Mbegu zichemshwe au zimwagiwe maji ya moto tu?

Shamari, giligilani na bizari nyembamba zipondwe kidogo, zimwagiwe maji yanayochemka, zifunikwe mara moja na kuachwa dakika 7 hadi 10. Kifuniko ni cha lazima, kwa sababu mafuta yenye harufu hutoka pamoja na mvuke, na harufu inayojaza jikoni ndiyo itakayokosekana kikombeni. Kijiko kimoja cha chai kwa kikombe kimoja kinatosha. Uwatu, kokwa za tende, mbegu za mbuyu na za bamia ni ngumu na huhitaji kuchemshwa hasa.

Maji yetu yana chumvichumvi. Je, yanaathiri chai?

Yanaathiri sana. Mji wa Lamu hutegemea maji ya visima vya eneo la matuta ya mchanga ya Shela, na visima vingine vya nyumbani vilivyo karibu na bahari huwa na chumvi inayozidi wakati wa kiangazi. Chumvi hiyo hufunika utamu mwepesi wa shamari na giligilani, ilhali kinywaji cha kokwa za tende huvumilia zaidi. Penye tangi la maji ya mvua safi, yachujwe na kuchemshwa, kisha yatumiwe kwa chai hizi nyepesi. Usijaribu kuficha chumvi kwa kuongeza mbegu. Utapata chai yenye chumvi na uchungu pamoja.

Mbegu zilizokaangwa zihifadhiwe vipi katika hewa ya bahari?

Adui ni unyevu, ambao pwani haukosekani mwaka mzima. Mbegu zipoe kabisa kwanza, kwa sababu zikifungiwa zikiwa na joto hutoa jasho ndani ya chombo. Kisha zitiwe katika chupa ya kioo yenye kifuniko cha kubana, iwekwe kabatini mbali na jiko na mwanga. Zikiwa nzima hudumu na ladha yake kwa mwezi mmoja au zaidi. Zikisagwa hupoteza harufu katika wiki mbili tu, basi saga kidogo kidogo. Zikilainika bila kuharibika, zirudishe kwenye kikaango chenye joto dogo kwa dakika moja.

Je, vinywaji hivi vina kafeini?

Hapana. Mbegu zote zilizotajwa hapa hazina kafeini, ila ukiongeza majani ya chai au buni.

Mama mkwe anasema aliyejifungua lazima anywe uwatu ili maziwa yawe mengi. Je, ni kweli, na ni salama?

Kumpa mzazi uwatu ni desturi ya miaka mingi pwani, na heshima yake ibaki pale pale. Utafiti uliofanywa kuhusu uwatu na maziwa ya mama umetoa matokeo yanayotofautiana, kwa hiyo usichukuliwe kuwa mbadala wa kunyonyesha mara kwa mara, kula vizuri na kumwona mkunga au muuguzi maziwa yanapokuwa machache. Kikombe kimoja chepesi hakina shida kwa wanawake wengi wenye afya. Jasho na mkojo vinaweza kuwa na harufu tamu isiyo ya kawaida, nayo si ugonjwa.

Tahadhari ni hizi, na nazisisitiza. Mjamzito asinywe uwatu kwa wingi, kwa sababu unaweza kuchochea mji wa mimba. Uwatu hushusha sukari ya damu, hivyo anayetumia dawa za kisukari azungumze na daktari kwanza, na vivyo hivyo anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama vile warfarin. Mwenye mzio wa njugu au dengu anaweza kudhurika na uwatu pia, maana ni mimea ya jamii moja. Dawa yoyote ya kumeza itenganishwe na chai ya uwatu kwa saa mbili hivi, kwa kuwa nyuzi zake zinaweza kuchelewesha dawa kuingia mwilini.

Je, mtoto mchanga anaweza kupewa chai ya shamari kwa msokoto wa tumbo?

Asipewe. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto apate maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya mwanzo, bila hata maji. Na asali isitiwe katika kinywaji cha mtoto ambaye hajatimiza mwaka 1, kwa sababu inaweza kuwa na vijidudu vinavyosababisha botulizimu, ugonjwa unaopooza misuli.

Ni mbegu zipi zisizofaa kabisa?

Kwanza ni zile zenye sumu ya asili: mbarika, ambazo wengine huziita nyonyo, mbono kaburi, mnanaha, zile nyekundu zenye doa jeusi za mturituri, na mbegu za stafeli na topetope, ambazo mtoto anaweza kuzikusanya kwa urahisi baada ya kula tunda. Kukaanga si kinga dhidi yake. Pili ni mbegu za kupanda zinazouzwa katika maduka ya kilimo, ambazo hupakwa dawa ya kuzuia wadudu na kuvu na mara nyingi hutiwa rangi nyekundu au ya kijani ili zitambulike. Hata ikiwa ni giligilani au bamia, na hata zikioshwa mara kumi, si chakula. Mbegu usiyoijua jina, usiikaange.

Mbegu zangu zimeshika ukungu kidogo. Je, moto hautauua?

Moto unaweza kuua kuvu lenyewe, lakini sumu ambayo kuvu imeshaacha ndani ya mbegu, yaani sumukuvu, huvumilia joto la kikaango kwa sehemu kubwa. Tunajua katika nchi yetu madhara yake: mwaka 2004, mahindi yenye sumukuvu yaliua watu 125 katika maeneo ya Makueni, Kitui na jirani zake. Kwa hiyo mbegu zenye uvundo, madoa ya kijani au utando zitupwe zote, wala si kuchagua zile zinazoonekana nzima. Punje zilizotobolewa na fukusi ziondolewe wakati wa kupeta, pamoja na changarawe.

Je, mbegu zilizoungua zina madhara, au ni ladha tu?

Ni ladha zaidi, lakini si ladha tu. Mwaka 2002 wanasayansi wa Sweden walitangaza kwamba vyakula vya wanga vinavyokaangwa au kuokwa kwa joto kali huwa na akrilamaidi, kemikali inayoshukiwa kuchangia saratani. Huanza kutokea joto linapopita nyuzi 120, na kahawa ya kawaida inayo pia. Mnywaji wa kikombe kimoja au viwili kwa siku hana haja ya kuogopa, ila ni sababu nyingine ya kusimama kwenye kahawia na kutoingia kwenye weusi.

Inywewe pamoja na nini, na sukari kiasi gani?

Kinywaji cha kokwa za tende nakipenda bila sukari, na kando yake tende mbili au kipande kidogo cha haluwa, kwa utaratibu ule ule wa kahawa. Shamari haihitaji chochote. Mama mjamzito au mwenye upungufu wa damu asinywe chai hizi pamoja na chakula, hasa zilizokaangwa sana, kwa sababu zinaweza kupunguza madini ya chuma ambayo mwili huchukua kutoka katika mboga na kunde. Asubiri angalau saa moja baada ya kula. Maziwa yanaweza kutiwa katika chai ya uwatu au ya bamia, yakiwa yamechemshwa kando, ila hufunika kabisa harufu ya giligilani.

Machujo yanaweza kutumiwa tena?

Ya shamari na giligilani, hapana, kwa kuwa harufu imekwisha. Unga wa kokwa za tende unaweza kuchemshwa mara ya pili siku hiyo hiyo ukiongezewa nusu kijiko cha unga mpya. Baada ya hapo uchanganywe na udongo wa vyungu vya maua, lakini kwanza upoe na uwe umeminywa maji yote, la sivyo utaota kuvu juu ya udongo ndani ya siku mbili.